Gego la Miaka Sita Si Jino la Utoto



Mama mmoja wa vijiji vya mwambao alimpeleka hospitalini binti yake wa miaka tisa, shavu limevimba hata jicho la upande ule limefumba. Mjomba aliwabeba kwa baiskeli hadi barabara kuu, na kutoka hapo wakapanda basi dogo. Mtoto alikuwa hajalala kwa siku tatu. Tabibu alipomwangalia alisema gego la chini limeoza hadi mzizini, halina tena la kuokolewa, hivyo ling'olewe. Mama akakubali mara moja, tena kwa moyo mweupe. "Ling'oe tu baba, si la utoto hilo? Litaota jingine." Tabibu akaweka koleo lake mezani, akamwambia kwa upole, "Mama, hili haliotei tena. Hili ndilo alilopewa la kuzeeka nalo."

Mwenzetu wa ukurasa huu alikuwa ameketi kwenye benchi hilo hilo akingoja zamu yake, naye ndiye aliyetuletea habari hii. Anasema mama yule hakulia wala hakubisha. Aliuliza swali moja tu: "Mbona hakuna aliyeniambia?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike. Tungeweza kuandika, kama wengi wanavyoandika, kwamba watu wapige mswaki mara mbili kwa siku, basi. Hilo kila mtoto wa shule analijua na anaweza kuliimba. Lakini jambo ambalo mama yule hakuambiwa ni jingine, na sisi tunaona kuwa wazazi wengi wa Kyela, tangu Kasumulu mpaka Matema, hawakuambiwa pia. Kwa hiyo tutalieleza taratibu.

Mtoto huota meno 20 ya utoto. La kwanza hutokea akiwa na umri wa miezi sita au karibu na hapo, na anapofika miaka miwili na nusu au mitatu yote huwa yamekwisha kutoka. Ukihesabu kutoka katikati ya mdomo kwenda upande mmoja utapata matano: mawili ya mbele, chonge moja, na magego mawili madogo. Hayo ndiyo yatakayong'oka na kupisha mengine. Sasa, mtoto anapofika miaka sita hivi, nyuma kabisa ya hayo matano hutokea jino la sita. Hutokea upande wa kulia na wa kushoto, juu na chini, yaani manne kwa jumla. Hakuna jino linalong'oka ili kulipisha, maana linaota mahali palipokuwa fizi tupu. Mtoto halalamiki sana, damu haionekani, hakuna jino la kutupwa juu ya paa. Mzazi anayengoja kuona pengo mbele hajui kabisa kwamba huko nyuma limekwisha kuingia jino la ukubwani, jino kubwa kuliko yote ya wakati huo, ambalo litabeba kazi ya kutafuna kwa miaka sitini au sabini.

Jino hili ndilo huoza upesi kuliko mengine yote. Huchukua miezi mingi kupanda mpaka lifikie kimo cha wenzake, na katika muda huo mswaki unapita juu ya wenzake bila kuligusa. Uso wake una mifereji mirefu na myembamba ambamo ugali, biskuti na andazi hujificha. Tena ngozi yake ngumu ya nje bado ni changa, haijakomaa. Kwa hiyo mtoto wa miaka saba anaweza kuwa na jino la ukubwani lenye mwaka mmoja tu mdomoni ambalo tayari limetoboka, na wazazi wakisema, "Yataanguka tu."

Mamba wa mto Songwe huota meno mapya maisha yake yote. Sisi binadamu tumepewa mara mbili tu, na hilo la sita limepewa mara moja.

Tunasema wazi kwamba kosa si la mama yule. Wazazi wetu wameizoea kliniki. Mtoto anapelekwa kupimwa uzito, anapata chanjo, kadi inajazwa mwezi kwa mwezi. Lakini kliniki hiyo ni ya watoto walio chini ya miaka mitano. Akifika mitano kadi inakunjwa na kuwekwa sandukuni pamoja na cheti cha ubatizo. Mwaka mmoja baadaye ndipo gego lile linapotoka! Yaani linatoka wakati ule ule ambapo hakuna muuguzi anayemwangalia tena mtoto mzima, na mama amekwisha kupata mwingine mgongoni. Hapo pana ufa, na watoto wetu wanaangukia katika ufa huo. Maoni yetu ni kwamba ufa huu unaweza kuzibwa na familia, shule na parokia, pasipo kungoja fedha kutoka mbali.

Mkono wa mzazi

Kwanza familia. Mtoto mdogo hawezi kupiga mswaki mwenyewe. Anaweza kuushika, kuutafuna na kuuchezea, lakini kusafisha magego hawezi mpaka afikishe miaka saba au minane. Mzazi anayesema "nenda kapige mswaki" kwa mtoto wa miaka minne amemtuma kazi ambayo mikono yake haijaiweza, sawasawa na kumtuma akachote maji kwa debe. Mkono unaotakiwa ni wa mama, baba, bibi au dada mkubwa. Baba wasidhani wameachwa nje, maana usiku ndio wakati wenyewe, na usiku baba yupo nyumbani, au angepaswa kuwepo.

Mlaze mtoto kichwa chake kikiwa mapajani mwako, au simama nyuma yake, umwinue kidevu. Kama ana miaka sita au zaidi, tafuta lile la sita. Usiuelekeze mswaki kutoka mbele, bali uingize kutoka pembeni mwa mdomo ukikingama jino, uusukume polepole kwa kwenda na kurudi. Fanya hivyo pembe zote nne. Tochi ya simu inasaidia sana.

Kuhusu dawa ya meno, watu wa Kyela wana kipimo chao tayari. Kwa mtoto ambaye hajafikisha miaka mitatu, weka kiasi cha punje moja ya mchele. Tunasema mchele wa Kyela, nanyi mnajua ukubwa wake. Kuanzia miaka mitatu mpaka sita, kiasi cha njegere moja. Zile picha za matangazo zenye dawa iliyojaa mswaki mzima kama krimu juu ya keki zinamfaidia muuza dawa. Hakikisha dawa ina madini ya floridi, na kama maandishi ya pembeni yanaonyesha kiasi chake, iwe kati ya 1000 na 1500. Floridi ndiyo inayoimarisha jino na hata kurudisha nguvu mahali palipoanza kulegea. Mtoto ateme povu lakini asisukutue kwa maji mengi, kwa sababu akisukutua anaitema dawa yenyewe. Hili huwashangaza watu wengi, hata sisi lilitushangaza tulipolisikia mara ya kwanza, kwa maana tulifundishwa kusukutua mpaka maji yatoke meupe.

Ni kweli kwamba kuna floridi iliyozidi. Ndugu zetu wa baadhi ya sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Singida wana meno yenye rangi ya kahawia kwa sababu maji ya kunywa ya huko yana floridi nyingi kupita kiasi. Punje ya mchele haiwezi kuleta hayo. Lakini mtoto asiachiwe tyubu aifyonze kama pipi.

Na mswaki wa mti? Babu zetu walitumia kijiti na wengi walizeeka na meno yao. Kijiti kilichotafunwa vizuri mpaka kikawa laini kinasafisha, nasi hatumdharau anayekitumia. Kasoro yake ni kwamba hakina floridi, na kwa shida sana kitafika kwenye gego la nyuma la mtoto. Ukiweza, kichovye kwenye dawa kidogo. Mkaa uliosagwa, majivu na mchanga wa ziwani tunavikataa, kwani vinang'arisha kwa kukwangua, na kinachokwanguliwa hakirudi.

Kila mtu awe na mswaki wake. Katika nyumba nyingi tumeona mmoja ukitumika na watoto wanne. Bei ya mswaki wa mtoto hailingani hata na nauli ya kumpeleka na kumrudisha mtoto mwenye shavu lililovimba.

Kakao, duka na soda

Sasa tuje kwenye sukari. Jino halitobolewi na mdudu mwenye miguu, ingawa wapo waganga wanaofukiza moshi mdomoni na kumwonyesha mgonjwa "mdudu" aliyetoka. Vijidudu vinavyooza jino havionekani kwa macho. Vinaishi katika ule utando laini tunaouita ukoga. Vikipata sukari huigeuza kuwa asidi katika dakika chache tu, na asidi hiyo hulilainisha jino kwa nusu saa au zaidi kabla mate hayajaiosha na kulitengeneza. Hivyo, kitu kinachodhuru zaidi ni idadi ya mara ambazo sukari inaingia mdomoni kwa siku, hata kuliko wingi wake. Mtoto anayekunywa soda yote wakati wa chakula cha mchana ameshambuliwa mara moja. Mtoto anayenyonya pipi asubuhi, akalamba barafu saa nne, akatafuna biskuti saa nane na kulala na kikombe cha chai ya sukari, huyo meno yake hayakupata mapumziko. Na usiku mate hupungua mdomoni, ndiyo maana mswaki wa usiku una maana kuliko wa asubuhi.

Kuna kisiwa kimoja cha mbali katika Bahari ya Atlantiki kinachoitwa Tristan da Cunha. Madaktari waliofika huko katika miaka ya 1930 walistaajabu kuwakuta watu wana meno mazuri mno. Waliishi kwa viazi na samaki, na duka hawakuwa nalo. Baada ya Vita Kuu ya Pili kikajengwa kiwanda cha samaki, mishahara ikaja, duka likaja, na sukari ikaja na duka. Mwaka 1961 volkano ililipuka na watu wote wakahamishiwa Uingereza. Walipopimwa huko, ilionekana meno yao yameharibika sana, hasa ya watoto na vijana. Walikuwa watu wale wale wa damu ile ile, na haukupita hata muda wa kizazi kimoja na nusu.

Tunakitaja kisiwa hicho kwa sababu na sisi tuna viazi na samaki, tuna ndizi, maharage, wali, usipa na mbasa. Chakula chetu cha asili hakina ugomvi na meno. Usipa ukiliwa mzima pamoja na miiba yake unampa mtoto madini yanayojenga mifupa na meno. Lakini tunayo pia kakao, na kakao imeleta fedha, jambo ambalo tunamshukuru Mungu. Fedha ya kakao inapoingia kijijini, kitu cha kwanza kuongezeka ni kreti za soda. Kakao yenyewe haina hatia. Watoto hunyonya ule ute mweupe wa mbegu mbichi wakati wa kupasua matunda, na hatutawanyima furaha hiyo ya msimu. Lakini soda ya kola ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku. Kwa mtu mzima hiyo ni vijiko kumi na viwili hivi. Mtoto ni chini ya hapo. Chupa moja na kikombe kimoja cha chai, amekwisha kupita.

Hapa hatuna budi kujikosoa sisi wenyewe wa kanisani. Mwalimu wa mafundisho anawapa pipi watoto walioijua sala. Mkutano wa Utoto Mtakatifu unafungwa kwa soda na biskuti. Nje ya lango baada ya Misa ya watoto tumehesabu meza tatu za pipi na barafu za rangi, na mojawapo ni ya mama wa jumuiya yetu, ambaye anapata ada ya shule humo. Hatusemi afukuzwe. Tunasema karanga, ndizi mbivu, mahindi ya kuchemsha na miwa nusu pingili huuzika pia, na soda ibaki kuwa ya Krismasi, Pasaka na Komunyo ya Kwanza, kama ilivyokuwa zamani. Wakati wa Kwaresima wengi huacha nyama. Mtu akiacha sukari katika chai ya watoto kwa siku arobaini, huenda wasiikumbuke tena.

Yasiyofaa kungoja

Tumekaa sana juu ya kuzuia kwa sababu ndiko faida iliko. Lakini kuna mambo machache ambayo familia zetu huyachelewesha mpaka yanakuwa makubwa.

La kwanza ni kununua vidonge. Jino likiuma, wengi hukimbilia duka la dawa na kununua amoksilini ya siku mbili. Maumivu yanapoa, mtu anashukuru, jino linabaki vile vile na usaha unaendelea chini kwa chini. Vidonge havizibi tundu. Wengine huweka ndani ya tundu aspirini, ugoro, mafuta ya taa au hata maji ya betri, navyo vinaunguza fizi na shavu. Karafuu hupunguza maumivu kwa saa chache, haidhuru ikitumika kidogo, lakini nayo haitibu. Uvimbe ukishuka chini ya taya kuelekea shingoni, mgonjwa akawa na homa, akashindwa kumeza au kufumbua mdomo, asingojewe mpaka asubuhi. Usaha huo unaweza kuziba njia ya hewa na kuua. Watu hushangaa kusikia kwamba jino linaweza kuua mtu, lakini linaweza.

La pili ni yale yanayoitwa meno ya plastiki, au meno ya nailoni. Tangu miaka ya 1980 imeripotiwa katika mikoa mbalimbali ya Tanzania, na katika nchi jirani pia, kwamba mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, watu humfunua fizi, wanaona uvimbe mweupe pale pa chonge, wanasema ndio ugonjwa. Mganga anapasua kwa wembe au spoku ya baiskeli na kutoa kitu cheupe. Kitu hicho ni jino changa la mtoto, ambalo lilikuwa bado linajengwa. Uvimbe ule ni wa kawaida kwa kila mtoto. Aliyepasuliwa anaweza kutokwa damu mpaka kufa, kupata pepopunda au maambukizo ya damu, na jino la ukubwani lililo chini yake huharibika. Kuhara kunatibiwa kwa kumnyonyesha zaidi, maji ya ORS na vidonge vya zinki, na kumfikisha zahanati. Tunawaomba bibi na nyanya wote watusaidie hapa, kwa kuwa ushauri wao ndio unaosikilizwa usiku mtoto anapolia.

La tatu ni mama wajawazito. Usemi kwamba kila mimba inakula jino moja umewafanya kina mama wengi wakubali kupoteza meno kama vile ni sehemu ya uzazi. Mtoto tumboni hachukui madini kutoka meno ya mama yake. Fizi za mjamzito huvimba na kutoka damu kwa urahisi, na mama akiona damu anaacha kupiga mswaki, hapo ndipo mambo yanapoharibika. Apige mswaki, polepole, na aende kutibiwa. Matibabu ya meno wakati wa ujauzito hayakatazwi, mradi amwambie tabibu kwamba ni mjamzito.

Na mtoto aliyedhoofika, hasa baada ya surua, akipata kidonda kwenye fizi chenye harufu kali, apelekwe siku hiyo hiyo. Huenda ni noma, ugonjwa unaokula shavu kwa siku chache, ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwezi Desemba 2023 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Ukianza kutibiwa mapema kwa dawa na chakula, unapona.

Kuziba badala ya kung'oa

Watu wetu wengi wanaamini kwamba tabibu wa meno ana kazi moja, kung'oa. Imani hiyo haikutoka hewani. Mtu anayefika jino likiwa limebaki kigaga hana la kufanyiwa ila hilo. Na wafadhili wanaokuja na kambi za siku mbili hung'oa kwa mamia, wakapigiwa makofi, wakaondoka.

Lakini si watu wengi wanaojua kwamba njia mojawapo ya kuziba meno inayotumika leo duniani kote ilianzia hapa kwetu Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980 daktari Mholanzi, Jo Frencken, akiwa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikabiliwa na tatizo tunalolijua sote: mashine ya kutoboa jino inataka umeme na maji ya bomba, na kijijini havipo. Wakaanza kuondoa sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono tu, kama anayechokoa kiazi kilichoharibika kwa ncha ya kisu, kisha wakaziba tundu kwa aina ya saruji inayogandamana na jino na kutoa floridi kidogo kidogo. Hakuna kelele ya mashine, na mara nyingi hakuna sindano. Tarehe 7 Aprili 1994, katika Siku ya Afya Duniani iliyohusu afya ya kinywa mwaka huo, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa. Na mwaka 2021 saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, viliingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu.

Basi ni haki kuuliza, na tunauliza bila ukali: kwa nini gego la binti wa mwambao lisizibwe kwa saruji hiyo akiwa na miaka saba, tundu likiwa dogo kama kichwa cha kiberiti? Saruji hiyo hiyo inaweza hata kumiminwa katika mifereji ya gego jipya kabla halijatoboka. Tabibu anaweza kuketi chini ya mwembe na kuifanya. Anayehitajika ni mtoto anayeletwa mapema, na mtu wa kumwona mapema.

Hapo ndipo parokia inapoingia. Vigango vyetu vina viongozi, WAWATA wapo, makatekista wapo, na watoto wa miaka sita hadi tisa wanakusanyika kila Jumamosi au Jumapili bila kuitwa na mtu wa afya. Tunapendekeza kwamba mara moja kwa mwaka kila kigango kimwalike tabibu wa meno wa wilaya au wa hospitali iliyo karibu, aje na kioo chake na vyombo vya kuziba, siyo koleo peke yake, naye awaangalie watoto wote wa umri huo. Mchango wa nauli na wa saruji uwekwe katika bajeti ya kigango, kama tunavyoweka wa mishumaa. Na katika semina ya wazazi wanaobatiza, mama mmoja aliyefundishwa atumie dakika tano kuonyesha ile punje ya mchele juu ya mswaki, na kuwaambia wazazi waandike nyuma ya kadi ya kliniki kabla hawajaifungia sandukuni: "Akifika miaka sita, angalia jino la sita."

Mmoja wetu alipendekeza siku hiyo iwe tarehe 9 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Apolonia, bikira wa Aleksandria aliyevunjwa meno na watesi wake mwaka 249 na ambaye wagonjwa wa meno humwomba awaombee. Ni wazo zuri, ila Februari mwambao uko kwenye mpunga na matope, na hata mkutano wa jumuiya haupati watu. Iwe baada ya mavuno. Sisi wa ukurasa huu tutakuja na tochi.